Maswali ya Wasomaji: Nani Atakusanya Ushuru Mirihi?

Toleo lililopita niliweka mistari miwili pale chini kabisa ya ukurasa, nikauliza kama kuna msomaji anayeandika hadithi za mbeleni, za anga na sayari na dola ambazo hazijazaliwa bado, kama yupo alete swali. Nilijua zitakuja barua mbili tatu za kupunga upepo, kumbe mko wengi na mlikuwa mmejificha. Nimechagua chache, na zingine nimezikata kwa sababu mtu anatuma sura nzima ya riwaya halafu mwishoni anaandika "unaonaje Anko", sasa hilo ni swali au ni kazi ya uhariri? Haya, tuanze.

Anko shikamoo. Naandika riwaya ya mwaka 2300. Dunia yote iko chini ya serikali moja, makao makuu New York, na Mirihi ni koloni linalodai uhuru. Ninayekaa naye chumba kimoja hapa chuoni anasema ni stori ya kitoto, kila mtu ameshaandika hiyo. Nifanyeje ili hizi dola zangu zionekane za kweli? – Mwandishi wa usiku, Morogoro

Marahaba kijana. Mwenzako ana hoja ila kapiga pasipo. Mirihi kudai uhuru haina shida hata ikiandikwa mara elfu. Shida ni hiyo serikali moja ya dunia, umeiweka tu pale utadhani ilishuka na mvua. Nani aliisaini? Nani alikubali kuvunja jeshi lake? Mshahara wa askari wake unatoka wapi?

Angalia hapa kwetu tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilianza 1967, nchi tatu, zina reli ya pamoja, bandari za pamoja, shirika la ndege moja, posta moja, viongozi wake wanajuana kwa majina tangu kudai uhuru, na bado 1977 ikavunjika. Ikarudi kwa mkataba wa 1999, sasa hivi ina nchi nane, Somalia ndo ya mwisho kuingia 2024, na shirikisho la kisiasa limeandikwa humo kwenye mkataba tangu mwanzo na mpaka leo tunaliongelea tu. Misri na Syria waliungana 1958 kwa shangwe kubwa, 1961 Syria ikajitoa. Tanganyika na Zanzibar wa 1964 wapo mpaka leo, sawa, ila kaa kijiweni utaje serikali mbili au tatu uone kama utaondoka kabla ya saa nne usiku.

Kwa hiyo ukitaka serikali moja ya dunia iweke, ila iwe na nyufa, na nyufa zinatokea kwenye hela. Mi nina swali moja nalouliza kila dola ya kubuni inayoletwa kwangu: nani anakusanya ushuru, anaukusanyia wapi, na nani anaona kapunjwa. Ukijibu hilo nusu ya siasa zako zimejiandika zenyewe.

Sasa Mirihi. Huna haja ya kuangalia mbali, angalia Muscat na Zanzibar. Sayyid Said alikuwa mtawala wa Oman, akaanza kuipenda Unguja kwa sababu biashara ilikuwa huku, pembe za ndovu, karafuu, na watumwa pia tusijifiche, na kufikia 1840 makao yake yalikuwa Unguja. Yaani koloni likawa makao makuu na mji wa asili ukawa ndo unatawaliwa kwa mbali na mtoto wake. Forodha ya Unguja alikuwa ameikodisha kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, ambaye analipa kiasi walichokubaliana kila mwaka halafu yeye anakusanya kinachokusanyika. Hebu fikiria hiyo Mirihi, bandari ya roketi iko mikononi mwa familia moja isiyo na jeshi lakini sultani mwenyewe ana deni kwao. Hiyo ni sura tatu za riwaya ushapata bure.

Halafu umbali. Wakati ule huendi Muscat ukijisikia, unasubiri upepo. Kaskazi inawaleta kuanzia Desemba hivi, kusi inawarudisha, ukikosa msimu umekosa, kaa usubiri. Mirihi ni hivyohivyo kabisa, sayari zinakaa vizuri kwa safari mara moja kila miezi 26 hivi, na safari yenyewe ni kama miezi sita mpaka tisa kwa roketi tunazozijua. Ujumbe wa redio unachukua kati ya dakika 3 na 22 kutegemea sayari ziko wapi. Maana yake gavana wako wa Mirihi ukimwandikia anaweza akakujibu leoleo, lakini ukitaka kumpeleka askari wa kumkamata, mpaka afike ameshajenga ukuta, ameoa, na ana wafuasi. Hapo ndo uhuru unapoanzia jamani, kabla hata ya hotuba na bendera. Mtu anaanza kuamua mwenyewe kwa sababu hakuna wa kumuuliza, siku akija mtu wa kumuuliza anakasirika.

Na mwisho wake ndo mtamu zaidi. Oktoba 1856 Said alifia baharini akiwa njiani kutoka Muscat kurudi Unguja, katikati ya miji yake miwili. Mwanawe Barghash alikuwemo humohumo melini, akajaribu kushika madaraka Unguja, akashindwa. Ndugu zake wawili, Majid akabaki Unguja, Thuwaini akabaki Muscat, kila mmoja anasema urithi ni wake. Thuwaini akaandaa meli zije kupigana, Waingereza wakamzuia, halafu 1861 Lord Canning, mkuu wa Uingereza kule India, akatoa hukumu: nchi mbili, kila moja na mtawala wake, ila Zanzibar imlipe Muscat riale 40,000 kila mwaka kwa sababu Zanzibar ndo yenye mali. Koloni linalipa fidia kwa kuwa tajiri kuliko mzazi! Ungeandika hilo kwenye riwaya mhariri angesema umezidisha.

Lakini angalia nani alishinda. Si Majid, si Thuwaini. Ni mwamuzi. Kufikia 1890 Zanzibar yenyewe iko chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka huohuo Waingereza na Wajerumani wanakaa Ulaya wanagawana mambo, kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini kinakwenda kwa Mjerumani na Mjerumani anaacha kuisogelea Zanzibar. Kwa hiyo kwenye stori yako usiishie Dunia na Mirihi, weka wa tatu, labda wale wa barafu ya Ceres, kile kisayari kidogo kati ya Mirihi na Mshtarii, au wenye vituo vya kujazia mafuta njiani, wanaoitwa kusuluhisha. Halafu mwache msomaji akae sura kumi hajawatilia maanani.

Na kitu kingine, ukibuni injini mpya ya kasi katikati ya kitabu ujue umebadilisha siasa yote. Nyaya za simu za maandishi zilifika Zanzibar 1879 kutokea Aden, na tangu hapo balozi mdogo wa Kiingereza hakuhitaji kusubiri barua ya meli, anauliza London anajibiwa. Sultani akawa anaongea na serikali nzima kupitia mtu mmoja aliyekaa mbele yake. 1896 pale Unguja vita vya Mwingereza na Sultani vilichukua kama dakika 38. Wewe unaleta injini mpya ili shujaa awahi harusi tu, acha.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Wajukuu wananilazimisha kuangalia nao hizi filamu za viumbe wa sayari nyingine. Kila mara viumbe wakishuka, mataifa yote yanasahau ugomvi na kushikana mikono. Je, kweli itakuwa hivyo? – Bibi wa Tanga

Shikamoo mama. Hapana, haitakuwa hivyo, na wewe wa pwani unajua kwa nini kuliko hao watengeneza filamu.

1498 Vasco da Gama anatokea kusini na meli ambazo hazijawahi kuonekana huku, mizinga juu, lugha hakuna anayeielewa vizuri. Mombasa wakamwona mbaya, wakagombana. Akasogea Malindi, na Malindi wakampokea kwa heshima, wakampa na rubani wa kumfikisha India. Malindi walikuwa wajinga? Hata kidogo. Malindi walikuwa na jirani mkubwa anayewakera, anaitwa Mombasa, na hapa kaja mgeni mwenye mizinga ambaye tayari kashagombana na Mombasa. Hesabu ya dakika tano hiyo. Kwa karibu miaka mia moja Malindi wakawa watu wa Mreno na Mombasa ikachomwa 1505, ikachomwa tena 1528, na walioshambulia hiyo ya pili walikuwemo na watu wa Malindi.

Na Mombasa nao hawakukaa kulia, wakatafuta mgeni wao. 1589 ndo mwaka wa ajabu kuliko yote mama, kama hujawasimulia wajukuu wasimulie leo. Mombasa wamemkaribisha amiri wa Kituruki, Mir Ali Bey, na meli zake. Meli za Mreno zinakuja kutoka Goa, makao yao kule India, kumfuata. Na wakati huohuo upande wa bara wamekaa Wazimba, jeshi lililopanda kutoka kusini, wanangoja ng'ambo ya maji hawajulikani ni wa nani. Mwisho Wazimba wakavuka wakauharibu mji, Mturuki akakamatwa na Mreno, Wazimba wakaendelea mpaka Malindi na huko wakapigwa kwa msaada wa Wasegeju, na mtawala wa Malindi ndo akaja kukalishwa Mombasa. Mwaka 1593 Fort Jesus, ngome ya Mreno hapo Mombasa, ikaanza kujengwa. Hapo kuna pande ngapi? Mi nikihesabu nafika tano, na hakuna hata mmoja anayepigania "watu wa pwani" wala "binadamu". Kila mtu anapigana na jirani yake kwa kutumia mgeni.

Sasa ndugu zangu waandishi, hapo chukueni mtu mmoja tu. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, mtoto akapelekwa Goa akasomeshwa na mapadri, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa 1626 kutawala kwa niaba yao. 1631 akaingia Fort Jesus, akamuua kapteni wa Kireno, akaishika ngome, na jeshi lililotumwa mwaka uliofuata kuirudisha likashindwa. Kisha akaondoka zake akawa anawasumbua baharini. Mtoto wa binadamu aliyelelewa kwenye chombo cha wageni, anajua lugha yao, dini yao, anajua funguo za ngome ziko wapi. Nani ana mhusika mzuri kuliko huyo? Na amelala tu kwenye vitabu vya historia watu wanamruka.

Tena mama usisahau mwisho wake. Mombasa wakawaita Waoman wawatoe Wareno, kweli ngome ikazingirwa kuanzia 1696 na ikaanguka Desemba 1698. Halafu Mazrui, ukoo uliowekwa na Oman kutawala Mombasa, wakaja kuwakataa wenyewe hao Waoman ukoo wa Busaidi uliposhika madaraka, na 1824 wakapandisha bendera ya Mwingereza kwa kapteni aitwaye Owen aliyekuwa anapita na meli yake, serikali yake huko London ikamkana, 1826 bendera ikateremshwa. Wajukuu wakiuliza viumbe wakija itakuwaje waambie watu watagombania nani awe wa kwanza kuwakaribisha chai.

Mzee wa safu, vipi. Hadithi zote za anga ni Marekani na China tu, labda Mrusi. Mi nataka kwenye yangu Afrika iwe dola kubwa lakini wenzangu wananicheka. Inawezekana au najifurahisha? – Kijana wa Rongai, Nairobi

Poa sana. Inawezekana, ila umesema "Afrika iwe dola" na hapo ndo wenzako wanapata nafasi ya kucheka. Afrika kama nchi moja tajiri yenye mavazi ya kung'aa ishafanywa na mi imenichosha. Tafuta kipande.

Anza na Ikweta. Dunia inazunguka, na pale Ikweta uso wake unakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi ikirushwa hapo kuelekea mashariki inapewa hiyo kasi bure, inaokoa mafuta. Waitaliano walilijua hilo mapema, wakaweka jukwaa lao la San Marco baharini kule Ngomeni, karibu na Malindi, wakaanza kurusha 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka hapo setelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Roketi ya mwisho pale ni 1988. Halafu Aprili 2023 Kenya ikapata setelaiti yake yenyewe ya kuangalia ardhi, Taifa-1, ikarushwa kutokea wapi? California. Tuna Ikweta nyumbani tukaenda kupanga foleni kwa mwenzetu. Simlaumu mtu, roketi ni ghali, nasema tu hapo pana stori.

Sasa ongeza hii. Desemba 1976 nchi za Ikweta zilikutana Bogotá, Colombia, na kati yao zilikuwepo Kenya, Uganda, Zaire na Congo Brazzaville, pamoja na Brazil, Ecuador, Indonesia na wenyeji. Wakatangaza kwamba ile njia ya setelaiti zinazobaki sehemu moja juu ya Ikweta, kilomita 35,786 hivi kwenda juu, ni mali asili ya nchi zilizo chini yake. Wakubwa wakasema hapana, mkataba wa anga wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha anga, na tamko likabaki karatasi. Mi naona walikuwa na hoja mbovu kisheria na hoja safi sana kisiasa: mmeziwahi nafasi zote ninyi wenye roketi halafu mnatuambia ni za wote.

Kwenye riwaya yako lifufue hilo. Mwaka 2150 watu wamejenga lifti ya kwenda angani, kebo moja ndefu inayoshuka kutoka kwenye hiyo njia, na mahali pake pazuri kabisa pa kushukia ni Ikweta. Ghafla Kenya, Uganda, Congo, Gabon, Ecuador, Indonesia wana kitu kimoja ambacho hakihamishiki. Hao wakiungana, wengine hawajawahi hata kupakana, wanakuwa na mlango wa anga mzima. Na ushuru wa mlango nani anautoza? Umeona tumerudi palepale.

Watu pia weka. Umoja wa Mataifa ulitaja 2022 nchi nane ambazo zitachangia zaidi ya nusu ya ongezeko la watu duniani mpaka 2050, na zilizo Afrika ni tano: Congo ya Kinshasa (ile Zaire ya zamani), Misri, Ethiopia, Nigeria na Tanzania. Na Congo hiyohiyo ndo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya migodini duniani. Lakini usidhani madini ni nguvu, kama yangekuwa hivyo Kolwezi, mji wa migodi huko Congo, ingekuwa inapangia bei viwanda vya betri. Nguvu iko kwa anayesafisha na anayesafirisha. Ndo maana nakusukuma kwenye lifti na sio kwenye mgodi.

Halafu usiwaweke Waafrika upande mmoja. Hata saa hizi hawako upande mmoja. Marekani ilianzisha Makubaliano ya Artemis ya mambo ya Mwezini mwaka 2020, zikaanza nchi nane, na Rwanda na Nigeria ndo wakawa Waafrika wa kwanza kusaini, Desemba 2022. China na Urusi wana mpango wao wa kituo cha utafiti Mwezini waliotangaza 2021, na Afrika Kusini na Misri wakajiunga huko. Kwa hiyo Kigali na Pretoria, ambao hapa chini nao wana yao, kule Mwezini wako makundi tofauti tayari na hakuna hata mmoja aliyejenga kibanda. Na humo kwenye Artemis kuna kitu wanakiita maeneo ya usalama, yaani ukiweka mtambo wako mwingine asije karibu kukuharibia bila kuongea na wewe. Wanasema sio umiliki. Sawa. Ila barafu inayotafutwa iko kwenye mashimo ya ncha ya kusini ambayo jua haliyafikii, na Shackleton mojawapo lina upana wa kilomita 21 tu. Weka mitambo kadhaa yenye maeneo ya usalama hapo uone kama haujachora mipaka.

Bro, niko Doha nafanya kazi za ujenzi, usiku naandika. Kwenye stori yangu Mirihi inatawaliwa na kampuni binafsi, bosi ndo rais, ana jeshi lake. Kuna mtu kaniambia haiwezekani kisheria. – Mtoto wa Temeke

Pole na kazi kaka. Kisheria huyo mtu yuko sahihi nusu, mkataba wa 1967 unasema nchi ndo inabeba jukumu la kinachofanywa angani na kampuni zake, kwa hiyo kila kampuni ina mama yake hapa chini. Ila kwenye hali halisi kampuni kutawala imeshatokea na wewe wa Temeke uko ndani ya hiyo stori. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kuchukua forodha za Mrima, yaani pwani yetu ya bara, ilikodishiwa na Sultan Khalifa. Wakafika Pangani, wakapandisha bendera ya kampuni, wakaleta dharau na kodi na vijisheria. Pwani nzima ikalipuka, Abushiri bin Salim akiongoza upande wa Pangani, Bwana Heri Saadani, kampuni ikabaki na miji miwili mitatu tu. Ikafanya nini? Ikampigia magoti Bismarck, kansela wa Ujerumani. Serikali ya Ujerumani ikaleta ofisa wake Wissmann na askari wa kukodi, Abushiri akanyongwa Desemba 1889, na baada ya hapo mwenye nchi ni serikali. Ile ya Waingereza upande wa Kenya ilipewa hati 1888, 1895 ikawa imeishiwa, ikakabidhi.

Kwa hiyo mwandike bosi wako kama mtu anayetaka faida na anachukia gharama za kutawala. Hospitali, polisi, maji taka, kesi za ndoa, hayo yote yanakula gawio. Siku ya mgomo wa kwanza anapiga simu kwa serikali yake ileile aliyokuwa anaitukana kwenye mahojiano.

Na mgomo uweke, wewe unajua kuliko mimi nani anashika koleo huko. Reli ya Mombasa kwenda Uganda iliyoanza 1896 ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kwa mikataba, wengi wakarudi, elfu kadhaa wakabaki, na historia ya miji yetu huwezi kuiandika bila wao na wale waliowafuata kuja kufanya biashara. Hao ndo dola yako ya tatu Mirihi: vibarua ambao mkataba umeisha na nauli ya kurudi hakuna. Watoto wao wamezaliwa kwenye mvutano mdogo, mifupa haiwaruhusu hata kuishi Duniani. Watampigia kura nani? Anza kitabu na hao, bosi atajitokeza sura ya pili.

Mjomba, nina muungano wa nyota kumi na mbili wenye bunge moja na jeshi moja. Wabunge wanakutana kila mwezi. Kuna tatizo? – Kalamu ya Bujumbura

Lipo. Nyota iliyo karibu kabisa na Jua, Proxima Centauri, iko miaka ya mwanga 4.24. Ukiuliza swali bungeni jibu linarudi baada ya miaka minane na nusu, waziri ameshatumbuliwa. Ama ubuni njia ya mkato na uwaambie wasomaji nani anaimiliki, ama ukubali kwamba hizo nyota ni nchi kumi na mbili zinazotumiana salamu za rambirambi. La pili mi nalipenda zaidi, ila najua hutanisikiliza kwa sababu unataka vita vya meli.

Assalamu alaykum kaka. Kwenye hadithi yangu nchi ni kisiwa kidogo tu kama hiki chetu Pemba. Kinaweza kuwa na sauti kati ya madola makubwa ya anga? – Dada wa Wete

Waalaykum salaam dada. Kinaweza sana, tena wadogo ndo wajanja. Tonga, visiwa vya katikati ya Pasifiki huko, mwishoni mwa miaka ya 1980 walipeleka maombi ya nafasi 16 za setelaiti kwenye ileile njia ya juu ya Ikweta wakati wao hawana hata setelaiti moja, wakubwa wakapiga kelele sana, hawakupata zote lakini walipata kadhaa wakaanza kuzikodisha. Luxembourg nayo, nchi ndogo haina hata pwani, 2017 ikatunga sheria kwamba kampuni ikichimba kitu angani kitu hicho ni chake, na 2020 ikawa kati ya wale nane wa kwanza wa Artemis. Na meli za baharini unajua mwenyewe, nyingi zinapeperusha bendera ya Panama na Liberia na mwenye meli hajawahi kukanyaga huko.

Kwa hiyo kisiwa chako kiwe ndo kinachosajili vyombo vya anga. Bendera yake iko kila mahali mpaka Zohali, na nyumbani ni ofisi moja ya ghorofa mbili, karani mmoja mkali na feni mbovu. Siku madola mawili makubwa yakianza vita kila moja litagundua nusu ya meli za mizigo ni za Wete kwenye karatasi, na huwezi kuzipiga bila kugusa nchi ambayo haijagombana na mtu. Karani huyo mwandike vizuri, mpe na mume anayelalamika.

Barua za bunduki za leza nazibakiza kwa toleo lijalo, ni nyingi na nahisi nusu yake zimeandikwa na mtu mmoja mwenye majina matatu.